Kijana Aliyeachwa Chini ya Kichaka

Andiko la somo: Mwanzo 21:8–21. Soma pia Mwanzo 16 na Mwanzo 17:25.

Hili ni somo nililowafundisha wazazi Jumapili alasiri, na mchungaji ameniomba niliandike kwa ajili ya wale waliokuwa kazini. Najua wengi wenu mnaofanya kazi mahotelini hamna Jumapili. Naliandika vile nilivyolisema, pamoja na yale yaliyonipa shida kuyasema. Kijana wangu ameyasoma haya kabla hayajachapishwa, akafuta sentensi mbili, akasema yaliyobaki ni sawa.

Fungua Biblia yako kwanza. Ukisikia “mtoto wa Hajiri”, pengine unaona kitoto cha kubebwa mgongoni kwa leso. Hebu tufanye hesabu. Ishmaeli alipozaliwa, Ibrahimu alikuwa na miaka 86. Isaka alipozaliwa, mzee alikuwa na miaka 100. Tofauti ni 14. Halafu Isaka akanyonya, akaachishwa ziwa, na ni katika sherehe ile ya kuachishwa ziwa ndipo ugomvi ulilipuka. Ukiongeza miaka miwili au mitatu ya kunyonya, yule aliyelazwa chini ya kichaka jangwani ana miaka 16 au 17. Huyo ni mtoto wa kidato cha tatu! Ana sauti nzito, ndevu zinaanza kuchungulia, na huenda kimo amempita mama yake.

Na kosa lake ni lipi? Alionekana akicheka kwenye sherehe. Mnaweza kubishana kama kilikuwa kicheko cha dharau au cha utoto, na wahubiri wamebishana sana. Lakini rudi sura ya 16 uone kwamba ule moto haukuwashwa na kijana. Sara na Hajiri walikuwa na lao tangu kabla hajazaliwa. Ibrahimu alikuwa na lake pia, la kumwachia mke aamue, halafu yeye kunyamaza. Watu wazima watatu, kila mmoja ana sababu zake, na ukimsikiliza peke yake utamhurumia. Siku ya hesabu ikafika, na aliyetolewa nje na mkate na kiriba cha maji ni mama pamoja na kijana. Hakuna mahali popote katika sura hiyo ambapo mtu mzima anamuuliza kijana, “Wewe mwanangu, waonaje?” Tena Ishmaeli mwenyewe hasemi neno. Soma mpaka mwisho, hutalipata.

Maji yakaisha. Mama akamlaza kijana chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali, kiasi cha mshale ukirushwa, kwa sababu hakuweza kumtazama akifa. Akalia. Sasa angalia mstari wa 17 polepole. Aliyelia kwa sauti ni mama, lakini Biblia inasema Mungu alisikia sauti ya kijana. Kijana gani, yule ambaye hatujasikia akisema kitu? Ndiyo, huyo huyo.

Majirani zetu Waislamu nao wanamjua Ismaili na mama yake, na habari ya Hajar kukimbia kati ya Safa na Marwa akitafuta maji. Kwa hivyo kama unaishi Bongwe au Mwabungo na unataka kuzungumza na jirani yako juu ya watoto wenu, hapa mna pa kuanzia bila kugombana.

Mimi nilikaa umbali wa mshale na mtoto wangu, na tulikuwa tunalala chumba kimoja.

Wengi mnakumbuka Machi 2020. Shule zilifungwa, ndege za watalii zikasimama, na mahoteli ya Diani yakazima taa moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa mpishi. Tuliambiwa twende nyumbani tungoje kuitwa. Tukahama nyumba ya vyumba viwili, tukaingia chumba kimoja Ukunda, cha mabati, na pazia katikati. Mke wangu akaanza kukaanga viazi na kachri jioni kando ya barabara. Mimi nikawa baba wa kukaa nyumbani na hasira.

Tuligombana kila usiku. Mwanzo ilikuwa juu ya kodi. Baadaye ikawa juu ya ndugu zangu, juu ya mama mkwe, juu ya jinsi mlango ulivyofungwa. Sisi tulidhani tunanong’ona. Kumbe nyuma ya pazia palikuwa na kijana wetu wa miaka 14, macho wazi. Miezi mingi baadaye alimwambia mtu mwingine, si mimi, kwamba tulipokuwa tukigombana yeye alikuwa anahesabu mikunjo ya bati juu ya kitanda. Yalikuwa na mikunjo 62 ikiwa utaanzia mlangoni.

Dalili zilikuwepo. Alianza kuumwa na tumbo asubuhi, tukampa dawa ya minyoo. Akaacha mpira, yeye ambaye ungemtoa uwanjani kwa fimbo. Usiku halali, mchana amelala. Nikimtuma dukani ananijibu vibaya. Shule zilipofunguliwa Januari 2021 akaenda wiki mbili, mwalimu akapiga simu kwamba mtoto anaweka kichwa juu ya dawati na haandiki. Mimi nikasema ni kiburi. Nikamchapa. Naandika neno hilo hapa kwa sababu nililisema mbele ya wazazi na sitaki gazeti liwe safi kuliko mdomo wangu. Nilimchapa mtoto aliyekuwa mgonjwa.

Fimbo iliposhindwa nikasema ni pepo. Ninyi mwajua huku kwetu, jambo lolote la kichwa likitokea, nusu ya mtaa itakwambia ni majini na nusu nyingine itakuonyesha nyumba ya mganga. Namshukuru Mungu sikwenda kwa mganga, ingawa wapo miongoni mwetu ambao mchana wako kanisani na usiku wako huko. Mimi nilimleta kwenye maombi ya Ijumaa. Ijumaa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akawekewa mikono, tukakemea kwa sauti. Yeye alisimama tu, anatazama sakafu. Ijumaa ya tatu akaanguka, tukashangilia. Baadaye aliniambia alianguka kwa sababu alikuwa amechoka kusimama na alitaka twende nyumbani.

Sisemi maombi hayafanyi kazi. Mimi ni mpentekoste, nitakufa mpentekoste, na nimeona kwa macho yangu watu wakifunguliwa. Ninachosema ni kwamba niliyatumia maombi ili nisilazimike kumsikiliza mwanangu. Mkono ulikuwa kichwani mwake na sikio halikuwepo.

Aliyetuokoa ni dada yake, wa miaka minane. Jioni moja alimwambia mama yake pale kwenye karai la viazi, kama habari ya kawaida tu: “Kaka amenipa baiskeli yake. Amesema yeye hataihitaji tena.” Mke wangu aliliacha karai juu ya moto. Akakimbia nyumbani.

Wazazi, mtoto akianza kugawa vitu anavyovipenda, akiaga aga bila safari, akisema wengine watapumzika yeye akiwa hayupo, usingoje Ijumaa. Usimwambie “acha ujinga”. Kaa chini naye siku hiyo hiyo umuulize waziwazi kama anafikiria kufa. Najua swali hilo linatisha. Wengi tunaogopa kwamba tukilitaja tutampandia mbegu. Wataalamu wamelichunguza jambo hili na wanasema kuuliza hakumpandii mtoto wazo; mara nyingi ndiyo mara ya kwanza anapata pa kulitua. Mke wangu aliuliza, mimi sikuweza. Kijana akasema ndiyo. Usiku ule tulilala wote wanne kwenye godoro moja, na hakuna aliyemwacha peke yake mpaka kulipokucha.

Asubuhi tulikwenda kwa dada mmoja wa ushirika wetu ambaye ni muuguzi. Hakuhubiri. Alisema, “Hii ni ya hospitali, na ni leo.” Tukapanda matatu kwenda Msambweni, hospitali ya rufaa ya kaunti. Njia nzima nilikuwa nawaza watu wa kanisa watasema nini wakisikia mtoto wa mwalimu wa Shule ya Jumapili amepelekwa kwa daktari wa akili. Hebu fikiria! Mtoto wangu anataka kufa na mimi naogopa umbeya.

Kule walimwona kwanza peke yake, bila sisi, na hilo lilinikera wakati ule. Sasa naelewa. Halafu walituita sisi wawili. Nilitarajia nitaelezwa ugonjwa wa mtoto, lakini swali la kwanza lilikuwa: “Nyumbani mnaishi vipi?” Mke wangu akanitazama. Nikatazama viatu.

Safari ya kupona ilikuwa ndefu, sitaieleza yote. Kulikuwa na mashauri ya mara kwa mara kwa karibu mwaka mzima, siku nzuri na siku mbaya. Leo ana kazi ya umeme wa nyumba, na baiskeli alirudishiwa, ingawa dada yake alidai alipwe.

Sasa nirudi kwa Hajiri, maana malaika alimwambia vitu viwili na tunapenda kukumbuka kimoja. Tunakumbuka ahadi, ya taifa kubwa. Lakini kabla ya ahadi aliambiwa ainuke, aende amwinue kijana na amshike mkono. Yaani aurudie ule umbali wa mshale kwa miguu yake mwenyewe. Kisha ndipo macho yake yakafumbuliwa akaona kisima. Biblia haisemi kisima kiliumbwa saa ile. Alikiona.

Kwa wengi wetu kisima ni pamoja na hospitali. Nalisema hili taratibu kwa sababu ya tulipo. Aprili 2023 nchi nzima ilisikia habari ya msitu wa Shakahola, jirani zetu wa Kilifi, ambako watu walifundishwa kuacha shule na hospitali na kufunga mpaka kufa. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na mingi ilikuwa ya watoto. Hakuna mtoto hata mmoja kati yao aliyechagua kanisa lile. Tangu siku hizo kila mchungaji wa Pwani anatazamwa kwa jicho la pembeni, na kusema kweli tulistahili kuulizwa maswali. Katika kanisa hili, mzazi anayempeleka mtoto kwa daktari hajapungukiwa na imani. Akija kuomba maombi tutaomba, na tutamuuliza pia tarehe ya kliniki.

Na kama kuna anayeogopa polisi: kwa miaka mingi familia zilificha mambo haya kwa sababu sheria ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho, cha 226 katika Kanuni ya Adhabu, kinakwenda kinyume na Katiba. Mtoto wako anahitaji kusaidiwa, na wewe huna haja ya kumficha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Hesabu darasa letu la vijana Jumapili ijayo, uone ni wangapi.

Kidogo juu ya muguka, kwa kuwa niliulizwa. Mei 2024 Mombasa na Kilifi walipiga marufuku, mambo yakaishia mahakamani, na barabarani bado inauzwa. Maoni yangu ni haya: kijana anayetafuna ana tatizo, lakini muulize alianza lini na ni nini kilikuwa kinaendelea nyumbani mwezi huo. Wengine wanatafuna ili wasisikie kitu. Vivyo hivyo binti aliyepata simu mpya ya bei kubwa na hataki kusema imetoka wapi, hasa sisi tunaoishi karibu na ufuo. Ukianza kwa kelele utapata uongo.

Sasa ugomvi wenyewe wa nyumbani. Sitawaambia msigombane, maana mimi na mke wangu tuligombana Alhamisi iliyopita. Pesa za huku zina msimu. Aprili mpaka Juni mvua inanyesha, wageni wamekwenda, wafanyakazi wanapewa likizo isiyo na mshahara, na ada ya muhula wa pili iko mlangoni. Kule upande wa Nguluku na Maumba, tangu uchimbaji wa titani ulipokoma Desemba 2024, nyumba nyingi zimepoteza mshahara uliokuwa unaingia kila mwezi. Pesa ikiondoka, maneno huingia. Tulichofanya sisi ni kupunguza uharibifu.

Tulikubaliana mambo ya pesa yazungumzwe Jumamosi mchana, nje, chini ya mwembe wa mwenye nyumba, na si usiku. Usiku kila deni ni kubwa. Tukakubaliana mtoto hatumwi tena na maneno. Ile ya “mwambie baba yako chakula kiko mezani” wakati baba amekaa hatua tatu kutoka hapo tuliizika. Mtoto si posta. Wala hatumuulizi mtoto nani ana haki, wala hatumwambii “wewe ndiye sababu navumilia ndoa hii”, maneno ambayo wengi mnayasema mkidhani ni ya upendo. Mtoto huyasikia kama deni ambalo hawezi kulilipa.

Lililokuwa gumu zaidi ni kuomba msamaha. Ugomvi wameuona, lakini kupatana kwetu tulikuwa tunakufanyia chumbani. Kwa hivyo watoto wanajua jinsi vita inavyoanza na hawajui inavyoisha. Sasa tukigombana wakasikia, tunapatana wakisikia. Mara ya kwanza nilipomwambia mke wangu “mama, nimekosa” mbele ya watoto, yule mdogo alicheka mpaka akapaliwa na chai. Nilimwomba msamaha na kijana pia, kwa fimbo ile. Hakusema kitu siku hiyo. Waefeso 6:4 na Wakolosai 3:21 zinatuambia sisi kina baba tusiwasukume watoto mpaka mioyo yao ivunjike, na mimi nilikuwa nimezihubiri aya hizo mara nyingi, nikiharakisha kufika ile sehemu ya watoto kutii.

Lakini sikilizeni vizuri. Hayo yote ni kwa nyumba zinazogombana kwa maneno. Kama nyumbani kuna kipigo, au kuna mtu mzima anamgusa mtoto isivyofaa, hata kama ni mjomba, hata kama ni mzee wa kanisa, hiyo si ya mwembe wala ya kuvumilia. Hatutakaa kikao cha kanisa kuisuluhisha. Sheria ya Watoto ya 2022 iko wazi, na ofisi ya watoto, chifu na polisi ndio pa kwenda. Namba 116 ni ya watoto, hailipishwi, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Namba 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, nayo haina malipo. Ziandikeni ukutani pale mnapoandika namba ya stima.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii, someni Mwanzo 21:8–21 kwa sauti, na safari hii msomaji awe kijana. Kisha mzungumze: katika habari hii ni nani angeweza kumuuliza Ishmaeli anaonaje, na kwa nini hakufanya? Kwenu nyumbani, umbali wa mshale uko wapi, ni simu, ni zamu za usiku, au ni kimya? Mzazi asijibu kwa niaba ya mtoto wake. Mtoto akisema jambo zito, kikundi kisilipeleke sokoni. Aambiwe kiongozi wa kikundi peke yake, na yeye anajua pa kulipeleka.

Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili tutaingia nyumba ya Yakobo, Mwanzo 37, juu ya mzazi kumpenda mtoto mmoja kuliko wengine. Vijana watakaa na sisi safari hii. Dada muuguzi naye atakuwepo kwenye chumba cha Shule ya Jumapili kuanzia saa saba, na mlango utakuwa umefungwa kwa ndani kwa yeyote anayetaka kuzungumza naye.